Walitaka Kujua Watanizika Wapi

Ukigunduliwa na saratani ukiwa ugenini, kila mtu atakuwa na ushauri. Watakwambia uache sukari, unywe maji ya majani ya mstafeli, ufunge na kuomba, uache mawazo. Mimi nina ushauri mmoja tu, na sikupewa na mtu. Kabla hujanunua hata kitambaa cha kufunga kichwa, kaa chini na mwenye uwanja unaolala juu yake, umuulize: nikifa hapa itakuwaje? Muulize ungali na mashavu. Ukisubiri mpaka ukonde hatakujibu, ataanza kupiga simu.

Naandika sasa kwa sababu daktari amenipa tarehe ya mbali ya kurudi kliniki, ya miezi badala ya wiki, na kwa sababu mwanamke mmoja kutoka Kapsokwony alinikuta kliniki majuzi akaniuliza nilivukaje. Nilimpa jibu la kistaarabu, kwamba Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli. Lakini hili hapa ndilo jibu lenyewe.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Lushoto. Nilikuja Kenya nikiwa mwalimu kijana, nikaajiriwa na kanisa kufundisha upishi na ushonaji katika shule moja ya wasichana huko Kimilili. Nilifika wakati wa palizi, kwa hiyo akina mama wa Kibukusu wakaniita Naliaka, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa watu wakiwa shambani na majembe. Nililipokea kwa moyo wote. Nilidhani ukipewa jina umepewa na watu. Sikuolewa, sikuzaa, na tafadhali usinihurumie kwa hilo, niliamua mwenyewe na nikalala usingizi wangu vizuri.

Nilipostaafu sikurudi Lushoto. Mdogo wangu Zakaria alishajenga pale kwa wazazi, wanawe wamejaa mpaka barazani, na mimi ningerudi kuwa shangazi wa chumba cha uani. Nilitaka kubaki na watu walionijua, nikachagua Kitale, si mbali na Kimilili. Usidanganywe, ustaafu wa ugenini ni kazi nyingine. Kadi ya mgeni ina muda wake, na kila kitu kimefungwa kwenye kadi hiyo: laini ya simu, benki, bima ya matibabu. Ikichelewa kidogo tu, unakuwa mtu ambaye hayupo anayetaka kununua unga. Na shamba huwezi kumiliki, sheria haimruhusu mgeni.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Wekesa. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na shamba lake la urithi liko upande wa Kiminini, dakika chache kutoka mjini. Akaniambia nijenge nyumba kwenye kona ya shamba lake, niishi humo maisha yangu yote, na siku nitakapokufa nyumba itakuwa yake. Kila mtu aliona ni jambo la heri. Mimi napata pa kukaa, yeye anapata nyumba ya mawe bila kununua hata msumari. Tuliandikiana mbele ya mashahidi wa kanisa. Tuliandika maji yatatoka wapi, njia ya kupita ni ipi, hata mparachichi ulioegemea ua ni wa nani. Hatukuandika maiti yangu itapita njia gani. Wewe cheka, lakini tulikuwa watu wazima sita mezani na hakuna aliyelifikiria.

Uvimbe niliugusa msimu wa kupanda. Nilikuwa nimeinama natia maharage kati ya mistari ya mahindi, mkono ukapita kwenye titi la kushoto, nikahisi kitu kama punje ya njugu. Hakikuuma. Ndiyo maana nikakaa nacho mpaka mahindi yakaota, na wewe unayesoma usifanye ujinga huo. Kisha zikaanza safari za kupimwa hapo Kitale, nikakatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa mbali kuangaliwa, nikangoja. Jibu lilipokuja, mahindi yalikuwa yamefika magotini na jirani zangu wote walikuwa shambani wanapalilia. Nikaelekezwa hospitali moja huko Bungoma yenye kliniki ya saratani. Nikaambiwa nitawekewa kemo, dawa ya saratani ya dripu, mara sita, kila baada ya wiki tatu, halafu nikatwe.

Benchi za kliniki ile ni za mbao, na aliyezipanga hakuwahi kuugua. Beba shuka, likunje, ulikalie. Beba maji na kitu cha kutafuna, kwa sababu unafika alfajiri na daktari anafika akishakunywa chai. Na ujiandae kwa swali. Muuguzi akiita jina lako anakutazama, halafu anatazama nyuma yako, anauliza: mtu wako ni nani? Wenzangu wote walikuwa na mtu, binti au mume au shemeji wa kushika mkoba. Mimi nilikuwa nasema mtu wangu ni mimi, na kila mara anaandika kitu ambacho sionyeshwi.

Siku ya kwanza kabisa nilikaa karibu na mwanamke mnene wa buibui aliyekuwa anamenya chungwa. Alinigawia nusu bila kuniuliza kama nataka. Aliitwa Rukia, mjane, muuza leso, ndizo kanga zetu, karibu na msikiti hapo hapo mjini Bungoma, na alikuwa amenitangulia, anamalizia dawa zake za mwisho. Akasogeza mtandio nione kichwa, hakina hata unywele mmoja, akaniambia sasa anaoga haraka sana na pesa ya mafuta imebaki mfukoni. Nilicheka mbele ya dripu yangu ya kwanza. Nasema kwa sababu nataka ujue kwamba inawezekana.

Dawa ya kwanza haikunifanya kitu siku mbili. Siku ya tatu ikanilaza. Mdomo ulifanya vidonda mpaka chai ya uvuguvugu ilikuwa adhabu. Uji wa wimbi uliopoa ndio ulioniokoa, mwembamba, bila limau. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, kisha mkononi, nikamwita Mama Sifuna, mke wa Mzee Wekesa, aje na wembe. Akaja. Alininyoa polepole akilia, machozi yakanidondokea shingoni, akanifuta kichwa kwa kanga yake mwenyewe. Nilimpenda siku ile kama ndugu yangu wa tumbo moja. Hakunigusa tena baada ya hapo.

Dawa ya tatu iliniondolea ngozi ya vidole. Hili hakuna aliyenionya, kwa hiyo nakuonya mimi. Bima ya siku hizi haiamini sura yako wala kadi yako, inataka kidole kwenye kimashine. Nikaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa. Kijana wa dirishani akaniuliza kama nina ndugu hapa nchini wa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nikamwambia sina. Akanitazama kichwa, akatazama picha kwenye kadi, ambayo ina mwanamke mwenye nywele na nyusi, na nikaona kweli anashuku. Nilikaa kwenye lile benchi mpaka wenzangu wote wakaisha, dawa yangu ikiwa ndani ya friji ukutani pale pale. Nililia kwa hasira. Mfagiaji mmoja akaniambia niende nikaloweke mikono kwenye maji ya moto, nijipake mafuta ya kupikia, nijaribu kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho kikakubali. Tangu siku hiyo natembea na kichupa cha mafuta kwenye mkoba, na nakushauri uwaombe waandikishe vidole vyako vyote ungali na ngozi.

Sasa nirudi nyumbani, maana ugonjwa si hospitali peke yake.

Kabla ya dawa zile, maziwa yalikuwa yananifika kila asubuhi kutoka kwa Mama Sifuna. Yakaanza kuruka siku. Mzee Wekesa, ambaye hakuwa na uwezo wa kupita nyumba yangu bila kukohoa na kunisalimu, akaanza kupitia njia ya juu, ya ng'ombe. Nikasema moyoni ni shughuli za shamba. Siku moja nilikuwa dirishani, nimejifunga blanketi, nikamwona amesimama na wazee wawili nyuma ya nyumba yangu, penye nyasi. Walikuwa wanaitazama ile nyasi na kunong'ona. Hakuna mtu anayenong'ona akitazama nyasi kama hajapanga kuichimba au kuizuia isichimbwe.

Alikuja baada ya dawa ya nne. Alikuja na kuku, jogoo mzima wa kienyeji, kwa sababu Mbukusu hawezi kuja kukuvunja moyo mikono mitupu. Akauliza habari ya mdomo, nikamwambia unapona. Akauliza habari ya usingizi. Akaomba maji, akanywa. Nilimwachia muda wake. Mwisho akavua kofia.

“Mwalimu, wewe ni mtu yetu,” akasema. “Hata Mungu anajua. Lakini wazee wameniuliza swali, na mimi sina jibu. Sasa ukituacha, tutakupeleka wapi?”

Nikamwambia sina mpango wa kuwaacha, nimebakisha dawa mbili na kisu.

“Ni sawa. Lakini mtu akifia kwa boma, lazima alazwe kwa hiyo boma, watu wakae matanga. Na nikikuzika hapa, kaburi si ni kama title ya shamba? Vijana wangu wataambiwa kesho, hapa kumelala mtu wa Tanzania, hii kona ni ya watu wake. Nikikukataza nayo, nitaitwa mnyama. Mimi nakuomba, Mwalimu. Enda kwenu upone.”

Nenda kwenu upone. Nimefundisha wasichana wengi Kiswahili cha heshima ndani ya darasa la upishi, na sikuwahi kusikia maneno mabaya yakisemwa kwa adabu namna ile. Nilimuuliza makubaliano yetu yalisema niishi hapa mpaka lini. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba yalisema mpaka nife, na kwamba hapo ndipo penye shida. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba mwenye wana wanne na shamba dogo. Tulikuwa tumekubaliana kuishi pamoja, lakini kuhusu kufa hatukukubaliana lolote.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, nikalishika, nikalima nalo mpaka mpini ukachakaa, na bado nilikuwa mgeni. Nilimwambia nitafikiri. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba kadi yangu, bima yangu, faili langu na mishipa yangu iliyobaki vyote viko hapa. Lushoto sina bima, sijawahi kufanya kazi kule hata siku moja. Kwenda nyumbani maana yake ilikuwa kuanza foleni upya, katikati ya dawa, na saratani haisubiri uhamisho.

Yeye hakusubiri nifikiri. Namba ya Zakaria ilikuwa kwenye makubaliano yale yale, kama jamaa wa kupewa habari. Aliipiga.

Zakaria alifika siku moja kabla ya dawa ya tano, amevimba miguu kwa basi, na begi tupu. Begi tupu ndilo lililonitisha. Alinikumbatia akalia, akasema dada umekuwa hivi, dada mbona hukusema. Nilifurahi kumwona, sitasema uongo. Harufu ya sweta lake ilikuwa harufu ya jikoni kwetu. Nikaenda kubandika chai, na Mzee Wekesa, aliyekuwa ameliona basi likishusha, akaingia kumpokea mgeni.

Nilikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nilisikia wakisalimiana kwa muda mrefu, wakiulizana mvua, mahindi huku na kabichi kule. Kisha sauti zikashuka. Niliwahi kusikia sauti za namna hiyo utotoni, wakati wajomba walipokuja kupanga posa ya dada zangu wakubwa: wanaume wawili wenye adabu wanapeana mtu. Mzee Wekesa alisema hakutaka aibu itokee upande wowote. Zakaria akasema mtu huzikwa kwao, hilo halina mjadala, na akamshukuru kwa kunitunza. Wakashauriana siku. Ijumaa ni bora, walisema, basi halijai. Walipatana vizuri sana. Hakuna aliyesema neno dawa.

Nikaingia na sinia.

“Karibuni chai,” nikasema. “Marehemu ndiye aliyepika.”

Mzee Wekesa akatazama kofia yake. Zakaria akasema dada, usiseme hivyo, na mimi nikamwambia nimesema kile walichokuwa wanasema wao, ila mimi nimeongeza sukari. Mzee alikunywa kikombe chake chote kwa sababu ya adabu, akaaga, akapita njia ya ng'ombe.

Tukabaki mimi na mdogo wangu. Nilimweleza habari za dawa mbili zilizobaki, nikamwonyesha kadi ya kliniki, nikamwonyesha hata vidole. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaniambia neno moja tu.

“Mkataa kwao ni mtumwa, dada.”

Nikamjibu kwamba mtumwa aliye hai bado anaweza kubishana. Tulilala tumenuniana, kila mtu chumba chake.

Asubuhi nilifunga nyumba nikamwambia anisindikize Bungoma, nina dawa. Alibeba begi langu akidhani ni nguo za siku moja. Nilikuwa nimempigia Rukia usiku ule. Hatukufahamiana kwa chochote zaidi ya benchi na machungwa, na sikujua nimwombeje, kwa hiyo nilimwambia ukweli wote: kwamba naweza kufa, kwamba sina watu, kwamba mwenye uwanja anaogopa. Akasema ana chumba nyuma ya duka, kina kitanda lakini kina leso nyingi, atazisogeza.

Tulipofika mlangoni kwake na Zakaria akaelewa kwamba pale ndipo ninapohamia, alisimama katikati ya barabara na begi langu kichwani. Akamuuliza Rukia, kwa adabu, kama anajua hali yangu. Rukia akasema anajua, ndiyo hali yake mwenyewe. Akamuuliza kama anajua kwamba naweza kufia mle ndani. Naandika jibu la Rukia kama alivyolisema, kwa sababu sikupewa dawa bora kuliko hiyo mwaka mzima.

“Akifia hapa, atakuwa amefia hapa,” akasema. “Sisi mtu tunamzika pale amefia, siku hiyo hiyo, hatuulizi kwao ni wapi. Yeye si wa dini yetu, lakini mji iko na makaburi ya kila mtu. Nitakupigia simu. Sasa leta begi, huyu anataka kukaa chini.”

Zakaria akaniambia nimemvua nguo mbele ya ukoo mzima. Wazee watamuuliza kwa nini alikwenda kumchukua dada yake akarudi na begi tupu, dada amebaki kwa watu wa msikitini asiowajua. Niliona kwamba aibu ile ilikuwa inamuuma kweli, kwamba hakuwa anaigiza. Nikamshika mkono nikamwambia nampenda, na kwamba nikifa anizike popote anapotaka kama atanilipia gari, ila kwa sasa naenda kuwekewa dripu. Hakuja nami kliniki. Aliondoka kwa basi la jioni, na kwa miezi kadhaa hakupokea simu yangu.

Dawa ya tano na ya sita niliziendea kliniki nikitokea kwa Rukia, kwa miguu, nimeshika ukuta. Ulikuwa mwezi wa nane na ulikuwa mwaka wa tohara ya vijana wa Kibukusu. Bungoma nzima ilikuwa barabarani. Vijana wanapita na kengele mikononi wakiwaita wajomba, watu nyuma yao wanaimba na kutimua vumbi, na mimi niko kitandani katikati ya mabunda ya leso natapika kwenye karai. Nilizichukia kengele zile. Nilichukia kwamba mtoto wa miaka kumi na minne anatembea mji mzima kukusanya watu wake waje wamwone akiumizwa, na watu wanakuja, wanatoka hadi Kamukuywa na Kimilili, wanamshangilia. Rukia alikuwa anafunga dirisha, anawasha feni ifunike kelele, anakaa miguuni pangu anahesabu leso. Hakuwa mtu wa kusema pole. Alikuwa mtu wa kusema geuka, nibadilishe shuka.

Tulikorofishana pia, usimfanye malaika. Alikuwa anapenda televisheni kwa sauti ya juu. Aliniambia mimi ni mwalimu hata nikiwa maiti, nasahihisha mpaka chapati. Alikasirika niliposhindwa kula pilau yake, akaila mwenyewe mbele yangu kwa hasira, kisha akaniletea uji.

Nilikatwa wakati wa kuvuna. Walipouliza mtu wako ni nani, Rukia akanyanyuka akasema ni mimi, dada yake, na yule muuguzi akatazama msalaba wangu na buibui lake, akaandika dada. Titi lilikwenda lote. Nilirudi na bomba ubavuni linalochuruza kwenye chupa, mkono hauendi juu, nikiinama upande mmoja kwa sababu mwili ulikuwa bado unadhani una vitu viwili vya kubeba. Siku ya kuoga kwa mara ya kwanza sikutaka kutazama. Rukia akavua gauni lake, akasimama na kovu lake lililokauka, akasema angalia hii kwanza. Nikaangalia lake, kisha langu. Lilikuwa mstari tu. Nilikuwa nimeogopa mstari. Kama huna wa kukuonyesha la kwake, muulize muuguzi akutafutie mwanamke aliyepona. Ni bora kuliko kioo.

Majibu ya kilichokatwa yalikuja mvua zikishaisha. Walisema kingo ziko safi, saratani haikuachwa ndani. Niliwapigia watu watatu: mchungaji, Zakaria, ambaye safari hii alipokea na akalia mpaka salio likaisha, na Mama Sifuna. Huyu wa tatu nilimpigia kwa sababu alininyoa.

Wiki iliyofuata Mzee Wekesa alikuja Bungoma na kuku.

Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alinitazama nywele, zilizokuwa zimeota kidogo, nyeupe na laini za mtoto mchanga, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wateja wa Rukia wakageuka. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na ningependa isingekuwa, ingenirahisishia mambo. Akanieleza mahindi yalivyotoka, nani ameoa, mtoto wake wa pili ana mchumba. Akasema nyumba yangu imefungwa inaota ukungu, nyumba haipendi kukaa bila moshi. Akaniambia nirudi, Naliaka, nirudi nyumbani.

Kwa muda nilijiona kweli jikoni kwangu, sufuria zangu zimeangikwa, baridi ya asubuhi inaingia kwa dirisha la mashariki. Nililijenga dirisha lile mwenyewe, nilimsimamia fundi mpaka akanichukia. Nilitaka sana kurudi. Lakini ugonjwa huu unanifundisha kuuliza kabla.

“Mzee, na ugonjwa ukirudi?”

Angenidanganya, ningemwamini na kupanda gari naye siku ile ile. Alikuwa mtu mkweli, akashindwa.

“Ukirudi,” akasema, “tutaongea.”

Nikamwambia tuongee sasa, ningali na sauti. Akatazama kofia. Akasema wazee, akasema vijana, akasema si unajua, Mwalimu. Chai ikapoa. Nikaingia chumbani, nikachukua ufunguo wa nyumba kwenye mkoba, nikatoka, nikauweka mkononi mwake, nikamwambia mtoto anayeoa atahitaji pa kuanzia.

Aliukunjia vidole, akautia mfukoni mwa koti, akaniambia asante. Nilidhani angekataa, hata mara moja tu.